Tope la majitaka kwenye kitalu cha miti: mliyouliza

Gari la kunyonya vyoo liko tayari kunimwagia tope bure. Likikauka, nijazie viriba (vifuko vya kuoteshea miche)? (Kibaha)

Usithubutu. Mayai ya minyoo hukaa hai kwenye tope kavu kwa miezi mingi, na vijana wanaojaza viriba tunawajua, glavu hawavai. Tope lichukuliwe kwenye mabwawa rasmi ya majitaka, si nyuma ya nyumba yako. Likishakauka lichanganye na maranda, ndoo mbili za maranda kwa moja ya tope, maana likiwa peke yake hugandamana na hewa haipiti. Kanuni za Marekani za 1993 zinataka rundo la wazi likae kwenye nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15, huku likigeuzwa angalau mara 5, ili tope la pembeni nalo lifike katikati kwenye moto. Ningefuata hizo. Nunua kipimajoto kirefu: nondo ukiichomeka na kuishika itakwambia kuna moto, haitakwambia ni 45 au 55. Kisha liache lipoe na kuiva miezi kadhaa, liwe mboji.

Nitajuaje mboji imeiva?

Tia konzi moja yenye unyevu kwenye chupa, funga mfuniko siku tatu. Ukifungua ikakupiga harufu ya mkojo, irudishe kwenye rundo. Au sia mchicha kwenye kikopo: ukiota mnyonge, ncha zimeungua, bado.

Kiriba nikijaze mboji tupu?

Hapana, ina chumvi nyingi kwa mche mchanga. Anza na sehemu 1 ya mboji kwa 3 za udongo wa juu na mchanga. Mikaratusi huipokea vizuri. Brazil wameitumia sana kwa miche hiyo.

Misindano je? (Mafinga)

Hiyo ina masharti. Mizizi yake hutegemea ukungu (fangasi) fulani wa udongoni, na fosforasi nyingi ya mboji huuzuia kushika. Punguza mboji, uongeze udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa.

Inayobaki niweke kwenye bustani ya mboga?

Hapana. Joto huua vijidudu, lakini metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu hubaki palepale. Tope la mji wenye viwanda lipimwe maabara hata kama ni la miti. Brazil nao, kwa kanuni ya 2006, walizuia tope la majitaka kwenye mboga na mazao ya mizizi. Na ule mchicha wa kikopo usiuchume.