Goku wa mtumba: anza na viungo

Kaka, umeuliza kama huyo Goku (shujaa wa katuni ya Dragon Ball) wa S.H.Figuarts, zile sanamu za Bandai zenye viungo vinavyokunjika, anayeuzwa hapo Kondele, Kisumu, bila sanduku anafaa kununuliwa. Usimtazame uso kwanza. Mshike viungo.

Kunja kiwiko, goti, bega na kiuno, kimoja kimoja, polepole. Kiungo kizima hubaki pale ulipokiacha. Kisha msimamishe kwa mguu mmoja mezani; akiyumba na kulala kama mlevi wa busaa, vifundo vya miguu vimelegea. Kiungo kikigoma, usilazimishe. Omba maji ya moto ukitumbukize kidogo, maana PVC, plastiki ya sanamu hizi, hulainika kwa joto. Muuzaji akikataa jaribio hilo, shauri yake, wewe ondoka.

Chunguza pia vigingi vya mikononi, pale viganja vinapobadilishwa. Ukiona mstari mweupe kwenye plastiki, kigingi kinakaribia kukatika. Viganja na nyuso za ziada zipo? Bila hizo umenunua nusu sanamu, na kuzipata peke yake hapa Kenya ni kazi.

Feki hujulikana kwa rangi iliyovuka mipaka, hasa machoni na kwenye nywele. Bandai ndio watengenezaji, kwa hiyo linganisha na picha zao rasmi hapo hapo kwa simu.

Akinata mkononi, usiogope: joto la Kisumu hutoa vilainishi vya plastiki nje. Maji vuguvugu na sabuni yanatosha.

Kwa vile hana sanduku, mimi singevuka nusu ya bei ya mpya.