Kukausha pareto: sumu isikuponyoke kwenye chanja

Huku Umalila, mkoani Mbeya, mtu akilipwa kidogo kwa maua yake ya pareto kuliko jirani yake, wa kwanza kulaumiwa ni mche, wa pili ni udongo. Mimi swali langu ni moja: ulianika wapi? Kiwanda cha pareto kule Mafinga hakina haja na ua. Kinataka sumu iliyomo ndani yake, ile inayoua wadudu, na sumu yenyewe ni ndogo mno. Maua makavu yana asilimia 1 hadi 2 hivi. Ina maana kwenye kilo 100 ulizobeba kwa jasho, kinachotafutwa ni kilo 1 au 2, iliyobaki ni mzigo tu. Na hiyo kidogo ndiyo inayopotea ukikausha vibaya, wakati mizani haikuonyeshi chochote.

Chukua ua moja kavu ulipasue. Zile petali nyeupe hazina kitu cha maana. Sumu karibu yote imejificha kwenye vimbegu vilivyojipanga kwenye kitako cha ua, chini ya ile sehemu ya njano. Ukishalijua hilo, mengi yanajieleza yenyewe. Ukichuma ua ambalo bado limefumba, vimbegu havijajaa. Ukilisubiri hadi linyauke na kuwa kahawia, umechelewa. Mimi hutazama njano ya katikati: mistari mitatu au minne ya vijiua vyake kutoka pembeni ikishafunguka na petali zimelala sawasawa, natia mkononi. Kikonyo kinabaki shambani. Hakina sumu ya maana, kinachelewa kukauka, na kikiingia kwenye gunia kinashusha kipimo cha sumu cha mzigo wote. Kuna wanaokiacha makusudi ili kuongeza uzito. Wanajipunja wenyewe.

Usichume na umande. Najua asubuhi ndiyo nguvu ipo, lakini kwenye miinuko yetu umande unakaa hadi jua lipande, na ua lililolowa linaanza kuchacha likiwa bado kwenye tenga. Tumia tenga au kikapu chenye matundu, si kiroba cha nailoni. Ukitaka kuamini, jaza kiroba, kiache pembeni ya shamba hadi saa za mchana, kisha ingiza mkono katikati. Utakuta joto. Maua hayo tayari yanaungua.

Siku hiyohiyo uliyochuma, anika. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu mtu amechoka, anayamwaga chumbani lundo zima, anasema kesho. Kesho yake yameshabadilika rangi na yananuka uchachu, na hakuna jua litakaloyarudisha.

Mimi naanika kwenye chanja, urefu wa kiunoni, juu nimetandika wavu ili hewa ipite chini pia. Maua yanakaa tabaka moja jembamba; ukiona limerundikana juu ya lingine zaidi ya mara mbili, punguza. Yageuze mara kadhaa kwa siku, kwa mkono mwepesi. Chini kwenye turubai pia yanakauka, ila kuku watapita, vumbi litaingia, na unyevu wa ardhi usiku unarudi kwenye maua.

Sasa kuhusu jua. Wengi wetu tumekulia kwenye imani kwamba jua kali ndilo bora. Jua linakausha, kweli, lakini mwanga wake unaiua sumu ya pareto. Ndiyo sababu dawa za kupuliza zinazotokana na pareto haziishi muda mrefu zikipigwa na jua. Basi siku ya kwanza jua lifanye kazi ya kukata maji, baada ya hapo tafuta kivuli chenye upepo. Mwenye uwezo ajenge kaushio la nailoni lenye matundu ya kutolea hewa juu na chini. Ukungu ukishashuka huku kwetu ukakataa kuondoka, utashukuru unalo. Ila lichunge: joto likipita nyuzi 60 hivi, unapika, hukaushi. Na kuweka maua juu ya mafiga jikoni, hapana. Moshi unayashika na joto lake hulitawali.

Kupima ukavu ndiko kunakoleta ubishi. Mama jirani yangu aliniletea mkono mmoja wa maua, akayasugua, petali zikapukutika. "Si unaona, yameiva?" Nikamwambia, "Mama, hizo ni petali. Vunja kitako." Akabonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, kikabonyea kama mkate. Bado. Kitako ndicho cha mwisho kukauka. Kikiwa tayari kinasagika na vimbegu vinamwagika kiganjani vikiwa vimeachana. Hapo unyevu unakuwa umebaki kama asilimia 10, na kwa kawaida kilo 4 za maua mabichi zimekuwa kilo 1. Usipitilize lakini. Yakikauka kupita kiasi, vimbegu vinapukutika chini ya chanja na kuwa vumbi, na hilo vumbi ndilo hela yako.

Yaache yapoe kabisa kabla ya kufungasha. Yakifungwa yana joto yatatoa jasho ndani ya gunia. Gunia liwe la katani, usilikanyage kwa miguu, liweke juu ya mbao mbali na ukuta. Mchumo wa zamani usiuchanganye na mpya, na usikae na mzigo ukingojea bei, maana sumu inapungua hata stoo.

Wakati wa kufungasha funga kitambaa puani, vumbi lake linawasha na wengine linawatoa vipele mikononi. Watoto wasilale chumba chenye magunia. Tenga na turubai usioshee kijitoni: sumu hii haina shida sana na mtu, lakini samaki inawamaliza.