Kuhamisha tamthilia si kubeba seti tu

Umeuliza kwa nini siku mbili zisitoshe kuhamia ukumbi mkubwa, maadamu seti (kuta na samani za jukwaani) na waigizaji ni walewale. Tazama Appropriate, tamthilia ya Mmarekani Branden Jacobs-Jenkins: mwaka 2024 ilitoka Helen Hayes, ukumbi wa viti karibu 600, ikahamia Belasco, wenye viti kama 1,000. Zote kumbi za Broadway, mtaa wa maonyesho wa New York, ila mtazamaji wa juu anaona kitu kingine kabisa.

Kabla ya kusimamisha ukuta hata mmoja, panda roshani ya juu, ukae kiti cha pembeni mwisho. Kama seti ina dari, kutoka pale itaficha vichwa vya waliosimama upande wa nyuma wa jukwaa, na usiku wa ufunguzi hakuna tena cha kufanya. Halafu taa: umbali wa taa hadi jukwaani ukiwa maradufu, mwanga unabaki robo na duara linatanuka, kwa hiyo lenzi ya nyuzi 36 (upana wa mwali) inabadilishwa kwa ya 19, yenye mwali mwembamba zaidi, na kila taa inalengwa upya.

Panapoharibika zaidi ni maingilio ya jukwaani. Mwigizaji aliyezoea hatua nne sasa ana tisa, anachelewa neno lake. Mpeni mazoezi mawili kamili, na viatu vya onyesho miguuni.