Mwalimu, nimekosa wapi: "get" au "obtain"?

Swali: Mwalimu, jambo. Ninauza vitenge mtaani Birere. Mteja mmoja wa Kiingereza nilimwambia, "You can obtain your change tomorrow." Akacheka. Mwenzake akanishauri niseme "get". Lakini si "get" ni kufika? – Mama wa vitenge, Goma

Jibu: Jambo sana, Mama. Sarufi yako ni safi, neno ndilo limevaa suti sokoni. Sisi tuliosomea Kifaransa tunakimbilia "obtain" kwa kuwa inafanana na "obtenir". Mimi niliwahi kuomba "ku-obtain" mkate! Kwa Waingereza neno hilo linanukia ofisi: kibali, viza. Chenji ni "get". Ukiletewa barua, "receive" inafaa. Ukienda kuchukua kitu ukarudi nacho, ni "fetch".

Kufika nako ni kweli: "get to Sake" (kufika mji wa Sake), ila "get home" haitaki "to". "Get tired" ni kuchoka, na "I get it" ni nimeelewa.

Penye kazi ni kupanda. Kwetu moto (pikipiki), taksi na mashua vyote hupandwa tu. Wao husema "get on" kwa pikipiki, kwa sababu unakaa juu yake, na kwa basi au mashua ya Bukavu, ambamo unaweza kusimama na kutembea. Taksi unajikunja na kuingia: "get in". Mwanafunzi wangu alimwambia mgeni "get on the taxi". Mgeni akatazama paa.