Kwa nini barua yako kwa mbunge haijibiwi

Aliyeuliza kwa nini barua yake ya kurasa nne kuhusu maji, barabara na ajira imekaa bila majibu ana jibu ndani ya swali lake: kurasa nne, mambo matatu.

Anayefungua barua mara nyingi si mheshimiwa mwenyewe bali msaidizi wake, na anachotafuta ni vitu vichache. Huyu ni mpiga kura wetu? Anataka nini? Lipo ndani ya uwezo wetu? Basi aya ya kwanza ibebe yote hayo: jina lako, kata unayopigia kura, tatizo na ombi. Ukurasa mmoja unatosha, jambo moja kwa barua moja. Una mambo matatu? Andika barua tatu, tena kwa nyakati tofauti.

Ombi ndipo wengi wanapokwama. "Tunaomba msaada wako" hujibiwa "tumepokea", na mambo yanaishia hapo. Mwambie atende kitu kinachoonekana: "Naomba uulize katika kikao kijacho cha baraza la madiwani kivuko cha karibu na shule kitakarabatiwa lini." Hilo litafanyika au halitafanyika, na utajua. Ambatisha picha yenye tarehe, na nakala ya malalamiko uliyokwisha kupeleka kwa idara husika. Ukiwa hukupitia idara kwanza, utarudishwa huko huko.

Hakikisha pia unamwandikia mwenye mamlaka. Taka, masoko na taa za mtaani kwa kawaida ni mambo ya diwani na halmashauri. Sheria, bajeti ya taifa na kuwahoji mawaziri ni kazi ya mbunge. Mipaka hii hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo piga simu ofisini uulize kabla ya kuandika.

Kwa muswada wa sheria, wakati ni kila kitu. Nafasi nzuri ni pale muswada unapokuwa bado kwenye kamati ya bunge. Ukifika kusomwa mara ya tatu, hatua ya mwisho bungeni, maneno yake hayabadiliki kirahisi. Taja jina la muswada na kifungu, eleza kitamuumiza nani na vipi, kisha pendekeza maneno mbadala. Nakala impate katibu wa kamati kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maoni. Bajeti ni hivyo hivyo: ukisubiri ipitishwe ndipo ulalamike, umechelewa mwaka mzima.

Zile barua za kunakiliwa, watu mia wakituma maneno yale yale, huhesabiwa tu. Kumi zilizoandikwa kila moja kwa maneno ya mwenyewe zina uzito zaidi. Kwenye orodha ya saini, wasio wa jimbo hilo wasitiwe. Wakigundulika, hata saini halali zitatiliwa shaka.

Matusi hayana haja ya maelezo. Kitisho cha "kura yangu hupati" nacho wanakisikia kila siku, hakiwashtui.

Peleka barua kwa mkono ukiweza, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Zikipita wiki mbili kimya, piga simu, taja tarehe ya muhuri na uulize nani anashughulikia. Andika jina lake. Mkienda kama ujumbe, watu watatu au wanne wanatosha, msemaji awe mmoja, na mkubaliane mapema ni kipi mtakubali na kipi hapana. Mitandaoni mtaje mbunge baada ya njia hizi kushindikana, na usibandike huko namba yako ya simu wala kitambulisho.

Ukiambiwa "suala linashughulikiwa", uliza: na afisa gani, mpaka tarehe ipi? Akikataa ombi, mwombe sababu kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo utakayoisoma mbele yake kwenye mkutano wa hadhara, kwa sauti, kabla hujauliza swali lako.