Kabla ya kununua rimu pana: ET, kalipa na mzigo wa habu

Wauzaji wengi wa rimu za mtumba, uwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, watakuuliza mambo mawili tu: inchi ngapi, matundu mangapi. Namba inayosaidia kujua kama tairi itakwangua shokapu na kama beringi itadumu imechapwa nyuma ya rimu, mara nyingi chini ya vumbi la breki: ET45, ET38, ET20. Futa vumbi uisome kabla hata ya kuuliza bei.

ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaobana habu, yaani kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa. ET ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, inatoka nje kuelekea fenda. Kama namba imefutika, laza rimu tupu kifudifudi, weka rula ndefu iliyonyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye rula hadi uso wa rimu unaobana habu. Pima pia upana wote wa rimu pamoja na kingo zake, ugawe kwa mbili, utoe kwenye kipimo cha kwanza. Rimu yenye upana wote wa mm 203 na kina cha mm 146.5 ni ET45.

Lakini usilinganishe ET mbili bila kuangalia upana. Nusu ya upana jumlisha ET ndiyo rimu inavyoingia ndani; nusu ya upana toa ET ndiyo inavyotoka nje. Rimu ya 15 yenye upana wa inchi 6 na ET45 inaingia mm 121 na kutoka mm 31. Ukiivua ukafunga ya 17 yenye upana wa inchi 7.5 na ET35, inaingia mm 130 na kutoka mm 60. ET imepungua 10 tu, ila umesogea mm 9 karibu na shokapu na mm 29 nje. Watu wengi hudhani ET ikipungua basi upande wa ndani kuna nafasi zaidi, halafu tairi inakwangua shokapu.

Sasa tuje kwenye breki, maana hapa ndipo panapowachanganya hata mafundi wazoefu. ET haikuambii kama spoki, yaani mikono ya rimu, zitapita juu ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki. Rimu mbili za inchi 17, zote ET40, moja inaweza kupita vizuri na nyingine ikagonga, kwa sababu spoki za moja zimepinda kwenda nje na za nyingine zimelala karibu na habu. Na rimu ikichongwa kiwandani kwenye uso wake unaobana habu ili kuongeza ET, spoki zinasogea karibu na kalipa. Ndiyo maana rimu ya ET kubwa inaweza kugusa mahali ambapo pacha wake wa ET ndogo alipita. Kipenyo nacho kina yake: Impreza STI zenye kalipa za Brembo zinataka kuanzia inchi 17, na bado si kila 17 inapita.

Pima hivi. Chukua rimu tupu isiyo na tairi. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto, unene kama mm 6, kwenye mgongo wa kalipa na kwenye uso wake unaotazama spoki. Funga rimu kwa nati zote, zikaze za kutosha rimu ikae barabara, izungushe taratibu kwa mkono mzunguko mzima, kisha ivue. Kata udongo kwa wembe pale ulipominywa zaidi, upime unene. Chini ya mm 3 usikubali. Spoki hunyumbuka kidogo kwenye kona, kalipa hupanuka kwa joto, na kwenye barabara za changarawe kokoto hunasa katikati na kuchimba mfereji ndani ya rimu.

Kuna mtego mmoja hapa. Kalipa nyingi za magari yetu ni za kuteleza: pistoni iko upande wa ndani, na mwili wa kalipa ndio unaovuta pedi ya nje. Pedi zikiisha, mwili wa kalipa unasogea ndani, mbali na spoki. Kwa hiyo rimu inayopita kwa shida leo ukiwa na pedi zilizoisha itagusa siku utakapoweka pedi mpya. Fanya kipimo pedi zikiwa mpya. Na mwambie anayefanya balansi asibandike vyuma vyake ndani ya rimu pale kalipa inapopita. Vikiguswa vitang'oka, na usukani utaanza kutetemeka bila wewe kujua kwa nini.

Upande wa habu, tuseme ukweli wa hesabu. Gurudumu linalobeba kilo 350 lina mzigo wa niutoni kama 3,400. Ukilisogeza nje kwa mm 20, unaongeza msokoto wa niutoni-mita 69 hivi kwenye beringi. Kona ya kawaida yenye nguvu ya pembeni nusu ya uzito huo, kwa tairi lenye nusu-kipenyo cha mm 310, inaleta zaidi ya niutoni-mita 500. Kwa hiyo anayekuambia mm 5 zitaua beringi anakutisha bure. Tofauti ni kwamba kona hupita, ila mzigo wa ET upo muda wote gari linapotembea, na ukiingia shimo au kurukia tuta kwa kasi unaongezeka mara kadhaa kwa dharuba moja. Safu ya nje ya gololi ndiyo inayoumia zaidi. Beringi za gololi hupoteza umri kwa kipeo cha tatu cha mzigo: mzigo ukizidi asilimia 10 tu, umri unapungua kwa robo.

Ushauri wetu: ndani ya mm 10 za ET ya kiwandani usiwe na hofu. Ukifika 15, tegemea beringi, boljointi (kiungo kinachoshika habu kwenye mkono wa gari) na tairodi (fimbo ya usukani) kuchoka mapema, na usukani kuvuta unapokanyaga breki upande mmoja wa gari ukiwa kwenye mchanga. Zaidi ya 25 kwenye gari dogo la kila siku, achana nayo.

Spesa, ile pete nene inayowekwa kati ya habu na rimu, huonewa katika suala hili. Spesa ya mm 15 na rimu yenye ET pungufu kwa 15 zinaipa beringi mzigo uleule. Ubaya wa spesa uko kwenye stadi, zile bolti za habu zinazoshika nati. Ya kuchomeka tu inakula urefu wa nyuzi, na nati inatakiwa ishike angalau mm 12 kwenye stadi ya M12, yaani yenye unene wa mm 12. Kwa Toyota, yenye nyuzi zilizoachana mm 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa Subaru na Nissan, zenye 1.25, ni karibu 10. Hesabu kwa mkono. Pungufu ya hapo, weka stadi ndefu au tumia spesa yenye stadi zake. Na usichanganye nati: ya Toyota huanza kuingia kwenye stadi ya Subaru kisha inatafuna nyuzi.

Tundu la katikati nalo lisisahaulike. Wish, Allion na Premio za Toyota zina 5x100 (matundu 5 kwenye duara la kipenyo cha mm 100) na tundu la katikati la mm 54.1, Impreza na Forester za zamani za Subaru zina 5x100 hiyohiyo lakini mm 56.1. Rimu ya Toyota haitaingia kwenye habu ya Subaru, na usikubali ichongwe kwa grainda. Ya Subaru itaingia kwenye Toyota ikiwa na pengo, hivyo nunua pete za 56.1 kwa 54.1 ili rimu ikae katikati. Kabla ya kufunga, safisha kutu usoni pa habu kwa brashi ya waya.

Kaza kwa mtindo wa nyota, Toyota ndogo niutoni-mita 103, kwa spana ya kupimia, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Baadaye ukisikia mvumo unaopanda na mwendo, pinda kidogo kulia ukiwa kwenye kasi: mvumo ukizidi, shuku beringi ya kushoto. Inua kwa jeki, shika tairi juu na chini, utikise. Ikicheza hivyo, ni beringi au boljointi. Ikicheza ukishika kushoto na kulia peke yake, anza na tairodi.