Camaro ya 2019: Bampa Lilibadilishwa, Madirisha Yakabaki

Swali la wiki hii, kama mhariri alivyoliweka, ni hili: gari lenye jina na historia linapoundwa upya, mtengenezaji amsikilize nani, wabunifu wake au wapenzi wa gari hilo? Nitajibu kwa kisa kimoja ambacho nimekifuatilia kwa karibu, cha Chevrolet Camaro ya Marekani, kwa kuwa ni nadra kampuni kubwa kama General Motors, yenye Chevrolet, kukubali lawama za wapenzi wake waziwazi na kwa haraka namna ile. Ubishi wenyewe ulihusu sura ya mbele. Naamini wapenzi walikuwa na haki katika karibu kila walichosema juu ya sura hiyo, lakini walibishania kidogo wakaacha kikubwa, na kikubwa hicho walikuwa wamekishangilia wao wenyewe miaka kumi na miwili kabla yake.

Camaro ya kizazi cha sita ilizinduliwa Mei 2015 katika kisiwa cha Belle Isle, Detroit, ikaingia sokoni kama modeli ya 2016. Uso wake ulikuwa na grili nyembamba juu, iliyounganisha taa mbili kama mstari mmoja, na grili pana zaidi chini, na katikati yake ukanda wa bampa uliopakwa rangi ileile ya gari. Aprili 2018 kampuni ikatangaza uso mpya kwa modeli ya 2019. Katika SS, ambayo ndiyo Camaro ya V8, yaani injini ya silinda nane, ambayo wengi huiwazia wakilisikia jina hilo, ukanda ule wa katikati ulifanywa mweusi, hivyo grili ya juu na ya chini zikaonekana kuwa tundu moja kubwa kuanzia ukingo wa boneti hadi karibu na lami. Nembo ya Chevrolet iliwekwa juu ya ukanda huo mweusi, nayo ilikuwa imetobolewa ndani ikabaki fremu tupu.

Nembo hiyo iliyotobolewa ina asili ya heshima, na wengi waliibeza bila kuijua. Ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Camaro Z/28 ya kizazi cha tano, gari la kukimbizwa kwenye viwanja vya mbio, ambamo wahandisi waliiona nembo iliyojaa ikizuia upepo uliotakiwa kupoza injini, wakaikata katikati ili upepo upite. Kwenye Z/28 ile nembo ilikuwa mahali pake, na kila mtu aliielewa. Kwenye SS ya 2019 ilikuwa imesimama peke yake katikati ya uwanja mweusi, na jicho la mtazamaji halikuwa na pengine pa kutua.

Wabunifu waliotetea kazi ile walikuwa na hoja, kwa maana gari lenye injini ya lita 6.2 na nguvu za farasi 455 linahitaji hewa nyingi, na uso uliofunguka unatangaza nguvu iliyomo. Tatizo ni kwamba ukanda mweusi haukuwa tundu. Ulikuwa plastiki ileile ya bampa, imebadilishwa rangi tu, na mtu aliyesimama hatua mbili mbele ya gari aliliona hilo mara moja. Uso ulidai kitu ambacho gari halikuwa nacho. Aidha, rangi ya ukanda ilikuwa na kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu ndiyo iliyoivuta sura kwenda pembeni na kulifanya gari lionekane pana na lililoinama. Ukiitoa, macho yanapanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia, na gari linaonekana refu kwenda juu, jambo ambalo hakuna mpenzi wa Camaro aliyewahi kuliomba.

Hili nililiona vizuri kwenye barabara ya Woodward, hapa Michigan, siku ile ya Agosti ambapo maelfu ya magari ya zamani hupita taratibu kuelekea Pontiac na watu hupanga viti vyao pembezoni kutazama. Mmiliki mmoja alikuwa ameegesha SS nyekundu ya 2019 karibu na Camaro ya 1969. Katika ile ya 1969 grili imezama ndani kati ya taa, na chini yake limepita bampa la kromu kutoka ubavu hadi ubavu, jembamba na lililonyooka, nalo ndilo linaloupa uso wote utulivu. Katika ile nyekundu, mahali ambapo bampa lingepita palikuwa na weusi. Mbele kidogo ilikuwepo SS nyingine ya 2019, hiyo nyeusi tii, na kasoro yote ilikuwa imetoweka, kwa sababu ukanda ulikuwa umerudi kuwa na rangi ya gari. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Malalamiko yalikuwa makali, na yalitoka kwa watu wenye Camaro nyumbani. General Motors haikungoja muda mrefu. Mwishoni mwa Oktoba 2018, kwenye maonyesho ya SEMA mjini Las Vegas, ilileta Camaro SS ya njano kali iliyoitwa Shock, ambayo ukanda wa mbele ulikuwa umerudishiwa rangi ya bodi na nembo imehamishiwa kwenye grili ya juu. Modeli ya 2020 ilitoka na uso huo. Uso wa SS ya 2019 uliishi mwaka mmoja wa modeli tu. Katika tasnia ambayo uso wa gari hupangwa kwa miaka na hukaa miaka mitatu minne kabla ya kuguswa, huo ni wepesi wa ajabu, na ninawapongeza waliokubali ndani ya kampuni kwamba hawakupatia.

Hata hivyo ushindi huo ulipatikana kwa urahisi kwa sababu kilichobishaniwa kilikuwa chepesi kubadilika. Bampa ni plastiki. Ukibadilisha umbo lake na rangi yake hujagusa milango, paa, vioo, wala nguzo zinazobeba gari lisibondeke likipinduka. Kasoro iliyokuwa ikiiumiza Camaro kweli ilikuwa imejengwa ndani ya chuma.

Kaa kwenye kiti cha dereva cha Camaro ya kizazi cha sita uelewe ninachosema. Ukingo wa chini wa dirisha uko karibu na bega, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida akitaka kuegemeza kiwiko mlangoni inambidi ainue mkono kama anayeomba ruhusa ya kusema. Paa liko chini, kioo cha mbele ni chembamba, na nguzo ya nyuma ni nene kiasi kwamba kugeuza shingo kabla ya kubadilisha njia hakukusaidii kuona mengi. Kiti cha nyuma hakimfai mtu mzima. Buti lina nafasi ya lita 258 hivi, na mlango wake ni mdogo hivi kwamba sanduku linaloenea ndani huenda lisipite mlangoni. Hayo yote yanatokana na sura. Wabunifu walitaka ubavu mrefu wa chuma na ufito mwembamba wa vioo juu yake, kwa kuwa ndivyo gari linavyoonekana zito, la chini na lenye hasira.

Sura hiyo ilianzia Januari 2006, General Motors ilipoonyesha gari la mfano la Camaro huko Detroit, miaka michache baada ya Camaro ya zamani kukoma mwaka 2002. Liliazima roho ya ile ya 1969 lakini likaikuza, magurudumu yakawa makubwa mno na vioo vikawa vyembamba. Wapenzi walilipokea kwa shangwe, na kampuni ikaamua kulitengeneza bila kulibadilisha sana. Lilipoingia sokoni mwaka 2009 kama modeli ya 2010 liliuzwa vizuri sana, hata Camaro ikampita mshindani wake mkuu, Ford Mustang, kwa mauzo ya Marekani kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2014. Malalamiko ya kutoona nje yalikuwepo tangu wakati huo, lakini gari jipya lenye sura ya kuvutia husamehewa mengi.

Kizazi cha sita kilikuwa nafasi ya kurekebisha. Chasisi ilikuwa mpya, ileile ya Alpha iliyobeba Cadillac ATS, gari likawa jepesi na fupi, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba vitu viwili tu vilitoka kizazi cha tano, nembo ya nyuma na beji ya SS. Kila kipande kingine kilichorwa upya. Maana yake ni kwamba vioo vile vyembamba havikurithiwa kwa kukosa fedha au muda. Vilichaguliwa kwa mara ya pili, kwa sababu ilidhaniwa ndivyo wapenzi wanavyotaka. Na kwa kweli ndivyo walivyokuwa wamesema.

Soko lilijibu kabla ya ukanda mweusi kuwepo. Mwaka 2015 Mustang iliuzwa magari 122,349 nchini Marekani na Camaro 77,502. Kufikia 2018 Camaro ilikuwa imeshuka hadi 51,000 hivi, na hata Dodge Challenger, iliyokuwa sokoni tangu 2008 juu ya chasisi ya zamani na nzito, ilikuwa imeipita. Challenger nayo ilichorwa kwa kuifuata ile ya 1970, tena kwa uaminifu mkubwa, lakini ina kiti cha nyuma ambacho mtu mzima hukaa na buti la lita 459 hivi. Watu walioitafuta hawakuwa na mapenzi madogo kwa historia kuliko wenzao wa Camaro. Walipewa historia hiyo pamoja na nafasi ya kupeleka watoto shule.

Ndiyo maana siwezi kujibu swali la mhariri kwa kusema tu kwamba wapenzi wasikilizwe. Inategemea wanazungumza wakiwa wapi. Mwaka 1987 ilipojulikana kwamba Ford ingeibadilisha Mustang kuwa gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, lililotengenezwa kwa kushirikiana na Mazda, wamiliki waliandika barua kwa wingi, na Ford ikabadili uamuzi, ikaliita gari lile Probe na kuiacha Mustang na V8 yake na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Barua zile zilitoka kwa watu waliokaa kwenye usukani. Walikuwa wakitetea namna gari linavyoondoka, linavyonguruma na linavyokata kona. Ubishi wa Camaro ya 2019 ulikuwa wa picha, na picha humwonyesha mtu uso wa gari vizuri kuliko kitu kingine chochote, ila haiwezi kumwonyesha anachokiona dereva akiwa ndani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulitambua hilo zaidi ya wengine. Mustang hutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia tangu kizazi kilichoanza na modeli ya 2015, kwa hiyo iko Nairobi na mtu anaweza kuifungua mlango. Camaro ya kizazi cha sita haikuwahi kutoka kiwandani hivyo, na wengi wa wasomaji wa jarida hili wanaoipenda wanaipenda kupitia skrini. Nimesoma majibu yao ya wiki zilizopita juu ya magari mengine, na karibu yote yanahusu taa na grili. Ningependa kuona mtu akiuliza jinsi ya kurudi nyuma na gari hilo kwenye maegesho ya Kariakoo.

General Motors ilitangaza Machi 2023 kwamba kizazi cha sita kingekoma, na modeli ya 2024 ikawa ya mwisho. Ilikoma ikiwa na uso mzuri, na tangu modeli ya 2020 kulikuwa hata na LT1, toleo la bei nafuu lenye V8 ileile ya farasi 455. Kama kizazi cha saba kitakuja, wabunifu waanze na kiti cha dereva, wapime anachokiona kushoto, kulia na nyuma, kisha wachore ubavu kufuata vipimo hivyo. Na wapenzi wadai waingizwe ndani ya gari la mfano kabla ya kupiga makofi. Mwenye SS ya 2019 aliyechukizwa na ukanda mweusi aliweza kuupaka rangi, au kununua bampa la 2020 na kulifunga. Aliyechukizwa na madirisha hakuwa na kipuri cha kununua.